Kumbukumbu za Walionusurika: Kinga ya Bakteria wa Tauni na Uandishi wa Historia ya Upare

Mwanahistoria wa Upare amezoea kufanya kazi palipo na nyaraka chache. Isaria Kimambo, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu historia ya kisiasa ya Wapare, alitegemea sana masimulizi ya wazee na nasaba za koo, ikiwemo ya Wasuya wa Ugweno. Nasaba hutunza mfuatano wa wakati, lakini baadhi ya majina huachwa. Makala haya yanadai kwamba tahadhari hiyohiyo inahitajika tunaposoma nyaraka za aina mpya, yaani jenomu za vimelea vya maradhi.

Mfano wa karibu ni tauni. Mwaka 1898 Robert Koch aliandika kuhusu kuwapo kwake Kiziba, magharibi mwa Ziwa Viktoria. Kuanzia mwaka 1980 ilizuka wilayani Lushoto, inayopakana na Same, na kurejea mara kwa mara kwa zaidi ya miaka ishirini. Bonde la Mkomazi pekee ndilo linalotenga milima hiyo ya Usambara na Upare Kusini.

Bakteria wa tauni, Yersinia pestis, naye hushambuliwa na virusi. Baadhi ya virusi hivyo haviui papo hapo, bali hujipachika katika jenomu ya bakteria na kurithishwa kizazi hadi kizazi. Kirusi kilichojificha hivyo huitwa profaji. Dhidi ya wavamizi, bakteria wengi wana kinga iitwayo CRISPR. Hukata kipande cha DNA ya kirusi na kukihifadhi katika jenomu yao, kwa kawaida kipya kikiwekwa mwanzoni mwa safu. Kirusi cha aina hiyo kikirudi, nakala ya kipande huongoza protini kukikata.

Mwaka 2005 Christine Pourcel na wenzake nchini Ufaransa walionyesha kwamba vipande vingi vipya vya Yersinia pestis vilitokana na profaji iliyomo ndani ya jenomu ya bakteria huyohuyo. Hapo ndipo penye utata. Kuishambulia profaji ni kuikata jenomu yako mwenyewe, na mara nyingi bakteria hufa. Huweza kunusurika yule aliyepoteza kipande, ambaye shabaha yake imebadilika, au ambaye kinga yake imelemaa. Aidha, mwaka 2013 Joseph Bondy-Denomy na wenzake walibaini, katika bakteria wa aina nyingine, profaji zenye protini zinazoizima kinga hiyo.

Hivyo basi, mfuatano wa vipande unaweza kusaidia kupambanua undugu wa vimelea vya Lushoto na vya kwingineko. Hata hivyo, kukosekana kwa kipande si ushahidi kwamba kirusi hakikupita, kwani huenda waliokihifadhi walikufa nacho. Tunachosoma ni kumbukumbu za walionusurika, sawa na nasaba ya ukoo ulioshinda.

Kwa sababu hiyo, jenomu haiwezi kuchukua nafasi ya ushuhuda wa watu wa pande zote mbili za Mkomazi. Sampuli za bakteria zaweza kugandishwa maabara na kusubiri mtafiti. Waliokuwa watu wazima mwaka 1980 sasa ni wazee, na kuwahoji hakuwezi kuahirishwa.