Mikasa, Manowari ya Admirali Togo

Meli hii ya takribani mita 132 iliundwa na kampuni ya Vickers huko Barrow-in-Furness, Uingereza, na kukabidhiwa Japani mwaka 1902. Mizinga mikubwa unayoiona ni ya kuigiza.

Panda hadi darajani, juu kabisa. Hapa ndipo Togo Heihachiro aliposimama mchana wa tarehe 27 Mei 1905, katika mlangobahari wa Tsushima, wakati wa vita kati ya Japani na Urusi. Alikuwa na miaka 57, mwana wa samurai wa Kagoshima aliyesomea ubaharia Uingereza miaka ya 1870. Wasaidizi walimsihi aingie kwenye chumba cha chuma, akakataa. Aliamuru meli zake zigeuke moja baada ya nyingine mbele ya mizinga ya Warusi, hatua ya ujasiri uliopakana na wazimu, kisha akawazibia njia.

Warusi walikuwa wamechoka. Walitoka Baltiki Oktoba 1904, na zaidi ya miezi miwili walikaa Nosy Be, Madagaska, katika joto na maradhi. Kufikia tarehe 28 Mei, sehemu kubwa ya kundi lao ilikuwa imezama au kutekwa. Japani ilipoteza boti tatu ndogo za topedo. Togo alikwenda hospitalini kumjulia hali kamanda wa Warusi, Rozhestvensky, aliyejeruhiwa.

Mikasa ilifanywa kumbukumbu hapa Yokosuka mwaka 1926. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ilivuliwa vyuma vyake, na sitahani pakawekwa ukumbi wa dansi! Ilikarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 1961. Miongoni mwa waliopigania ukarabati huo ni Chester Nimitz, admirali Mmarekani aliyeishinda Japani baharini.