Tahadhari na Ushahidi: Chanjo ya Rubela na Ujauzito, 1941–2001

Kabla ya mwaka 1941, rubela ilihesabiwa kuwa maradhi mepesi ya utotoni, yenye homa kidogo na vipele vya siku chache. Mwaka huo Norman Gregg, daktari wa macho mjini Sydney, Australia, alichapisha taarifa ya watoto 78 waliozaliwa na mtoto wa jicho. Katika visa 68, mama aliugua rubela akiwa mjamzito, aghalabu katika miezi ya mwanzo. Mlipuko wa 1964 na 1965 nchini Marekani ulidhihirisha ukubwa wa tatizo: takriban watoto 20,000 walizaliwa na athari za ugonjwa huo, zikiwamo uziwi, upofu na kasoro za moyo.

Chanjo ilipoidhinishwa nchini humo mwaka 1969, swali gumu lilizuka. Chanjo hiyo ilikuwa na virusi hai vilivyodhoofishwa. Je, visingeweza kumfikia na kumdhuru mtoto tumboni? Maadili hayakuruhusu wajawazito wachanjwe kwa majaribio. Hivyo basi, wataalamu walikataza: mjamzito asichanjwe, na aliyechanjwa asishike mimba kwa miezi mitatu.

Hata hivyo, wapo waliochanjwa bila kujua kwamba walikuwa tayari na mimba. Kuanzia 1971 hadi 1989, Vituo vya Kudhibiti Magonjwa vya Marekani viliwasajili wanawake hao na kufuatilia uzazi wao. Miongoni mwa watoto 324 waliozaliwa na mama wasiokuwa na kinga walipochanjwa, hakuna hata mmoja aliyepatikana na kasoro za rubela ya kuzaliwa nayo. Lakini baadhi ya wanawake waliosajiliwa walikuwa wamekwisha kutoa mimba.

Hapa ndipo penye hoja ya msingi. Katazo lililowekwa kwa sababu ushahidi haukuwapo lilichukuliwa na wengine kuwa ushahidi wa madhara. Mwaka 2001 muda wa kusubiri ulipunguzwa hadi siku 28, na kuchanjwa kwa bahati mbaya hakukuhesabiwa kuwa sababu ya kutoa mimba. Katazo lenyewe lilibaki, kwani watoto 324 wangeweza kuthibitisha kwamba hatari, ikiwapo, ni ndogo. Wasingeweza kuthibitisha kwamba haipo kabisa. Kwa hiyo, kinga ya mtoto aliye tumboni iliendelea kutafutwa kabla ya ujauzito, kwa kuwachanja watoto na wanawake wasio wajawazito.