Vitabu vya Picha za Kupapasa: Hatua ya Kwanza ya Usomaji kwa Mtoto Asiyeona

Vitabu vya picha za kupapasa ni vitabu vya watoto wadogo ambavyo picha zake hutambuliwa kwa vidole. Kila picha hutengenezwa kwa kitu chenye mguso wake, kama vile kitambaa, kamba, ngozi au karatasi ngumu, kisha hushonwa au kubandikwa kwenye ukurasa. Maandishi huwekwa kwa namna mbili: nukta nundu kwa mtoto asiyeona, na herufi kubwa zilizokolea kwa mwenye uoni hafifu na kwa mzazi anayeona. Kwa mpangilio huo, mama na mwanawe husoma kitabu kimoja kwa pamoja.

Umuhimu wake

Mtoto anayeona hukutana na maandishi kabla ya kuanza shule: kwenye mabango ya maduka, mifuko ya unga na misemo ya kanga. Asiyeona hukutana nayo pale tu mtu mzima anapoyaweka mkononi mwake. Asipopata fursa hiyo, huingia darasa la awali akiwa hajawahi kugusa herufi hata moja, ilhali wenzake wamekwisha kuzizoea kwa sura.

Nukta nundu zilibuniwa na Louis Braille wa Ufaransa mwaka 1824, akiwa na umri wa miaka 15. Kila alama huundwa kutokana na nukta sita zilizopangwa katika safu mbili, na mipangilio yake hutoa alama 63. Neno "baba" huhitaji herufi mbili tu: b, yenye nukta mbili za wima, na a, yenye nukta moja. Hata hivyo, kutofautisha nukta moja na mbili huhitaji vidole vilivyozoezwa. Kitabu cha kupapasa hutoa mazoezi hayo mapema, mtoto anapotofautisha laini na kinachokwaruza, duara na pembe, kimoja na vingi.

Kanuni za utengenezaji

Picha iliyochorwa kwa ajili ya macho haieleweki kwa kuinuliwa tu juu ya karatasi. Ng'ombe aliyechorwa kwa ubavu, miguu ikifunikana, huwa fumbo kwa vidole. Kwa sababu hiyo, ukurasa mmoja hubeba kitu kimoja au viwili, visivyofunikana na vyenye mipaka kamili. Mguso nao hulingana na kitu chenyewe: mbuzi huwakilishwa kwa ngozi yenye manyoya, na kikapu kwa ukili uliosukwa. Rangi zinazotofautiana waziwazi humsaidia mwenye uoni hafifu. Vipande hushonwa imara, kwa kuwa watoto wadogo hutia vitu mdomoni.

Malighafi na ujuzi wa Iringa

Mkoa wa Iringa una malighafi na mikono yenye ujuzi unaofaa kwa kazi hii. Vikapu vya milulu vinavyosukwa na wanawake wa Kihehe vinajulikana ndani na nje ya nchi, na vipande vya vitenge hupatikana kwa kila fundi cherehani. Katika Manispaa ya Iringa, kituo cha Neema Crafts, kilichoanzishwa mwaka 2003 chini ya Kanisa Anglikana Dayosisi ya Ruaha, huwaajiri watu wenye ulemavu katika ufumaji, ushonaji na utengenezaji wa karatasi kwa mikono. Ujuzi wa aina hiyo ndio unaohitajika katika kutengeneza kitabu cha kupapasa.

Misingi ya kisheria

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na Sheria ya Watu wenye Ulemavu Na. 9 ikatungwa mwaka 2010. Mwaka 2020 nchi ilijiunga na Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, unaoweka msingi wa kutengeneza na kubadilishana kati ya nchi nakala za vitabu kwa ajili ya wasioona bila kuomba kibali cha mwenye hakimiliki. Aidha, Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi ulianza kutekelezwa mwaka 2021/22.

Wajibu wa mzazi na mlezi

Mzazi anayeona dalili za tatizo la macho kwa mtoto anashauriwa kumpeleka mapema katika kituo cha afya, na kuwasiliana na afisa ustawi wa jamii au afisa elimu maalumu wa halmashauri yake kabla ya umri wa kuandikishwa darasa la awali.

Wakati huohuo, kitabu cha kwanza kinaweza kuanzia nyumbani. Kurasa nne za boksi gumu, zenye kijiko, kifungo, kipande cha kitenge na punje za mahindi zilizofungwa ndani ya kitambaa, zinatosha kusimulia hadithi ya siku moja ya mtoto. Mkono wa mtoto utangulie, na maneno ya mzazi yafuate.