Ndege wa Msitu wa Pugu na Mabadiliko ya Tabianchi

Sisi waamini wa Kinondoni, Temeke na Ilala tunapokwenda kuhiji Pugu, ambako Wamisionari Wabenediktini walianzisha misheni mwaka 1888, tunafika jirani na msitu wa asili. Msitu huo, pamoja na ule wa Kazimzumbwi, ni mabaki ya misitu ya pwani inayopatikana vipande vipande kutoka Somalia hadi Msumbiji.

Ndege wa misitu ya namna hii wamezoea kivuli na unyevu. Wengi hula wadudu waishio katika majani yaliyoanguka chini ya miti. Mvua zikichelewa na joto likizidi, majani hayo hukauka, wadudu hupungua, na makinda hukosa chakula. Hasara haiishii hapo. Hondohondo hula matunda na kudondosha mbegu mbali na mti mama. Akitoweka, msitu nao hupata shida zaidi kujipanda upya.

Katika Milima ya Usambara, watafiti walilinganisha kumbukumbu za mwaka 1979 hadi 1981 na zile za mwaka 2019. Waliona kwamba ndege wengi wamesogea juu wakifuata ubaridi, na eneo lao la kuishi limepungua. Lakini vilima vya Pugu havifiki mita 400. Ndege wa Pugu hana mlima wa kukimbilia. Kimbilio lake ni kivuli cha msitu wenyewe. Tena, wengi wa ndege wa vichakani hawathubutu kuvuka eneo la wazi kutafuta msitu mwingine. Hivyo, mti ukatwao kwa ajili ya mkaa humwondolea kinga aliyobakiwa nayo.

Hatusemi haya ili kumhukumu mama anayenunua mkaa wa kopo kwa kukosa fedha za kujaza mtungi wa gesi. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake *Laudato si'* wa mwaka 2015, alifundisha kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini husikilizwa pamoja. Basi Jumuiya zetu Ndogo Ndogo zaweza kuchangiana, kwa zamu, majiko banifu na mitungi ya gesi, zikianza na kaya zenye uhitaji zaidi.

Kristo alitufundisha kwamba hata shomoro hasahauliwi na Baba. Tukienda hija, tuwakumbuke pia viumbe hao waliotutangulia Pugu.