Nani alishuhudia? Kutangaza washindi, toka Loteri ya Koloni hadi simu za Goma

GOMA – Ujumbe unaingia jioni, saa ambayo watu wamerudi nyumbani na mwenye simu amepata pa kuchaji. «Hongera! Namba yako imeshinda.» Chini yake kuna kiasi cha dola, jina la kampuni kubwa ao la shirika la misaada, na namba ya kupiga upesi kabla ya usiku. Anayepiga anapokelewa vizuri sana. Anaitwa mama, anaitwa papa, anapongezwa mara ya pili, kisha anaelezwa kwamba kuna pesa kidogo ya kufungua dosie. Akiituma, inatokea nyingine ya usafiri wa zawadi. Akituma na hiyo, simu ya upande wa pili inazimwa.

Wakaaji wa Goma wanaujua mchezo huu, na bado unakula watu, zaidi familia za wahami wa vita. Sababu ipo. Mhami amezoea kuitwa jina kutoka kwenye orodha. Kwa orodha amepata unga, kwa orodha amepata bashi la kufunika kibanda, na miaka hii msaada umekuwa ukipita pia ndani ya simu, kama pesa. Ujumbe unaosema jina lake limetoka haumshangazi namna unavyomshangaza mtu aliye kwake. Wanaomcheka na kumwita mjinga hawajakaa kambini wakisubiri jina lisomwe.

Kutangaza mshindi si jambo lililoletwa na simu. Ni kazi ya zamani, na kila mara ilipofanywa watu walitaka kujua kitu kimoja: nani alishuhudia?

Mwaka 1934 serikali ya Ubelgiji ilianzisha Loteri ya Koloni. Bei za mazao na madini zilikuwa zimeanguka dunia nzima, sanduku la Kongo ya Wabelgiji lilikuwa limekauka, na Brussels ikatafuta pesa kwa kuuza tiketi. Tiketi zilibeba jina la koloni na faida ilipaswa kujaza bajeti ya koloni. Lakini namba zenyewe zilitolewa Ubelgiji, mbele ya umati, kisha zikachapwa magazetini ili kila mwenye tiketi alinganishe mwenyewe. Mkulima wa kahawa wa Kivu, ambaye nchi yake ilikuwa imeandikwa kwenye ile karatasi, hakuwemo kwenye umati huo. Baada ya uhuru wa Kongo mwaka 1960, neno «koloni» halikuweza kubaki tena, na mwaka 1962 mchezo ukawa Loteri ya Taifa ya Ubelgiji, ambayo inaendelea mpaka leo. Wabelgiji wengi wanaocheza leo hawakumbuki kwamba mizizi yake iko huku kwetu.

Katika dhuluma ile yote, kuna kitu kimoja waliofanya loteri walikielewa vizuri. Namba moja inafanana na nyingine. Hakuna anayeweza kuitazama namba iliyoshinda na kusema kweli hii ilistahili. Basi, kwa sababu zawadi haina kitu cha kuonyesha, kinachoonyeshwa ni ule utoaji wenyewe. Namba inatolewa hadharani ama haiaminiwi.

Upande wa pwani, zaidi ya miaka ishirini baada ya loteri ile kuanza, ushahidi ulikuja kwa njia nyingine kabisa. Mwaka 1957-58 East African Literature Bureau, ofisi ya vitabu iliyohudumia Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, iliendesha shindano la kuandika hadithi kwa Kiswahili. Zawadi ya kwanza ilikwenda kwa Muhammed Said Abdulla, mwandishi wa habari wa Unguja. Hadithi yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ikachapwa mwaka 1960, na ndani yake wasomaji wakakutana na Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko mdomoni. Hapo hapakuhitajika umati wa kuangalia namba zikitoka. Aliyenunua kitabu alikuwa kama jaji wa rufaa: anasoma, kisha anaamua kama waliompa Abdulla ushindi walikuwa na haki. Waswahili walikwisha kuamua, maana Bwana Msa alirudi katika vitabu vingine vingi, na wanaoandika hadithi za upelelezi kwa Kiswahili leo wanatembea njia aliyoifungua.

Kuna pia mshindi aliyejulikana na kila mtu ila mfuko wake. Uganda ilipokuwa inajiandaa kwa uhuru mwaka 1962, watu waliombwa kuleta nyimbo ili moja ichaguliwe kuwa wimbo wa taifa. Uliochaguliwa ni wa George Kakoma, mwalimu wa muziki. Tangu siku hiyo umeimbwa kila asubuhi mashuleni, hadi pale Bunagana ambapo wakaaji wa Rutshuru wanavuka mpaka. Ushahidi gani unashinda huo? Lakini zawadi yake ilikuwa shilingi 2,000, na uzeeni Kakoma alikwenda mahakamani kudai haki ya mtunzi. Alifariki mwaka 2012. Wanaosema kwamba kutangazwa peke yake kunatosha wangemuuliza yeye.

Mfano mbaya zaidi unatoka mbali, Ufilipino. Tarehe 25 Mei 1992 kampuni ya Pepsi ilitangaza kwenye televisheni namba ya siku hiyo ya shindano lake la vifuniko vya chupa: 349. Mwenye kifuniko chenye namba hiyo angepata pesa milioni moja ya huko, na vifuniko vya ushindi vilipaswa kuwa viwili tu. Kumbe namba 349 ilikuwa imechapwa kwenye vifuniko kama 800,000. Usiku ule mamia ya maelfu ya familia maskini zililala zikijua zimetajirika. Kampuni ilipokataa kulipa na kutoa pesa 500 tu kwa kila kifuniko, magari yalichomwa na watu kadhaa walikufa. Tangazo lilikuwa la hadharani na namba ilikuwa kweli, ila nyuma ya tangazo hakukuwa na zawadi ya kuwatosha wote walioliamini.

Goma nayo ina mshindi wake, na watoto wa mji huu hawahitaji kukumbushwa. Innocent Didace Balume, anayeitwa Innoss'B, alizaliwa hapa mwaka 1997 na alianza kuimba utotoni pamoja na ndugu zake. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, akiwa bado kijana mdogo wa umri wa shule, alishinda shindano la waimbaji la kampuni ya simu ya Vodacom. Kwa mji uliozoea kutajwa kwenye habari kwa sababu ya Nyiragongo na risasi, kusikia jina la mtoto wa Goma likisomwa mbele ya Kongo nzima kulikuwa kitu cha peke yake. Kinshasa iko mbali sana, hakuna barabara ya kuaminika ya kufika huko, na wengi walifikiri kwamba zawadi za huko haziwezi kuvuka mpaka Kivu. Hii ilivuka. Mwaka 2019 aliporekodi tena wimbo wake «Yope» pamoja na Diamond Platnumz wa Tanzania, video yake ikatazamwa zaidi ya mara milioni 100, na wale ambao hawakumsikia akishinda wakapata nafasi ya kuamua wenyewe. Kama Abdulla na kitabu chake, kijana huyu alikuwa na sauti ya kuonyesha.

Kampuni ile ile ya simu, mwaka 2012, ilileta M-Pesa nchini Kongo. Wengine nao wana huduma za namna hiyo, na kabla ya miaka mingi pesa ilikuwa inapita toka simu hadi simu bila kuonekana na jirani. Faida yake Goma inajulikana, zaidi tangu mwisho wa Januari 2025, vita vilipoingia ndani ya mji na banki zikafunga milango. Pasipo simu, familia nyingi zisingepata hata franga za makala.

Lakini zamani zawadi ilikuwa lazima ifuatwe. Mtu alikwenda redioni ao dukani, akaonekana akiingia, akaonekana akitoka na baiskeli ao gunia la mchele, na kartye nzima ikajua. Sasa tangazo, mshindi na zawadi vyote vinaweza kukaa ndani ya simu moja, kati ya watu wawili, na mmoja wao hana jina. Mwizi hakuvunja mlango wowote. Aliukuta umeachwa wazi pale shahidi alipoondolewa.

Ukiuweka ujumbe wa «hongera» karibu na historia hii, upungufu wake unaonekana haraka. Hakuna aliyesikia shindano likifunguliwa, wala siku ya kufunga, wala sharti. Hakuna namba iliyotolewa mbele ya watu, na hakuna kitabu wala wimbo wa kupima. Kitu pekee kilichopo ni haraka, «kabla ya usiku», na haraka hiyo ina kazi yake: mama asipate muda wa kumuuliza jirani. Ndiyo maana pia wengine wanamwambia anayedanganywa asimweleze mtu yeyote mpaka zawadi ifike. Loteri ya Wabelgiji, kwa ubaya wake wote, haikuomba mshindi afiche. Wala haikumwomba mshindi pesa nyingine juu ya tiketi yake, maana zawadi ya kweli inatoka kwa mtoaji kwenda kwa mshindi, na gharama zake hukatwa huko huko. Mashirika makubwa ya misaada nayo yamerudia mara nyingi kwamba huduma zao hazilipiwi. Ya namba ya siri ya simu hata hayahitaji maelezo marefu: anayetaka kuingiza pesa kwenye simu ya mtu anahitaji namba ya simu tu. Namba ya siri inahitajika kwa kutoa.

Kwenye redio za mji, mchezo wa swali na jibu bado unafanyika kwa njia ya zamani. Swali linaulizwa hewani, msikilizaji anapiga, jibu linasikika na wote, na hata kama zawadi ni yuniti za kupiga simu tu, kila aliyewasha redio ni shahidi. Ni zawadi ndogo. Lakini mtoto aliyejibu vizuri kutoka Ndosho ao Majengo anasikilizwa na shangazi yake aliye Kitshanga, na hilo halinunuliwi.

Hapo ndipo kwa wahami kunakuwa na ugumu ambao wakaaji wengine hawauoni. Ushahidi unaomlinda mshindi unaweza pia kumtoa nje. Ukitangaza jina kamili la mjane, mahali anapolala na kiasi alichoshinda, usiku huo huo wenye silaha wanajua kibanda cha kubisha. Katika mji kama huu wa leo, jina la kwanza na tarakimu za mwisho za simu zinatosha hewani. Yanayobaki yakaguliwe ofisini, mbele ya mtu anayemfahamu mshindi.

Na kukagua nako kuna tatizo. Kwa miaka mingi Mkongomani ametambuliwa kwa karte ya uchaguzi, kwa sababu karte ya utambulisho wa raia haijafika kwa wengi, na hesabu ya mwisho ya wananchi wote ilifanyika mwaka 1984. Aliyekimbia Masisi ao Rutshuru usiku na mtoto mgongoni hakubeba karatasi. Laini ya simu yake pengine iliandikishwa kwa jina la mume ambaye hajulikani yuko wapi, ao la kaka. Mwezi Februari 2025, kambi zilipovunjwa pembezoni mwa mji, Bulengo, Lushagala na kwingine, watu walitawanyika kwa siku chache, wengine kurudi vijijini kwenye nyumba zilizoungua, wengine kuingia katika familia za kuwapokea. Pamoja nao walitawanyika mashahidi: kiongozi wa bloku aliyejua kila mtu kwa sura, mama jirani wa bashi la pembeni, mtunza orodha.

Kwa hiyo inawezekana kabisa mhami akashinda kitu cha kweli, kwa haki, na asiweze kukipata. Anayeendesha shindano la kweli Goma kwa wakati huu anaweza kuliona hilo mapema na kuliandika kwenye masharti: kwamba mshindi asiye na karte anakubaliwa akija na watu wawili wanaomjua, mwalimu wa mtoto, pasta, imamu ao shefu wa avenyi, na kwamba zawadi inamsubiri wiki kadhaa badala ya siku mbili. Wapo watu mjini ambao mpaka sasa wanawasha ile simu ya zamani kila jioni, wanaiangalia, wanaizima kutunza moto, kwa sababu ndiyo namba pekee ambayo ndugu zao waliobaki nyuma wanaijua.