Bizimu la Korongo

Jumapili moja baada ya Misa ya pili, mama mmoja wa parokia yetu hapa Bunia alizuiwa mlangoni mwa kanisa na wenzake watatu. Alikuwa amevaa kikwembe kipya, na kifuani amefunga bizimu dogo, si kubwa kupita kidole gumba: korongo mweupe aliyekunjua mabawa juu ya maji ya buluu, na kila unyoya umezungukwa na mstari mwembamba unaong'aa. Wenzake walitazama, wakasogea, wakatazama tena. Ndipo mmoja akauliza: "Hiyo ni ya chama gani?"

"Si ya chama," akajibu. "Ni ndege tu. Mwanangu ameniletea kutoka safarini. Yasemwa ni kazi ya namna ya Kijapani."

Wasomaji wapenzi, msiwacheke wale mama. Katika nchi yetu kitu cha kifuani hakikuwa pambo tu. Kwa amri ya mwaka 1891 Dola Huru ya Kongo ilianza kuwatambua machifu kwa barua na medali, na chifu asiye na medali hakuhesabiwa kuwa chifu mbele ya Mzungu, hata kama babu zake walitawala kilima kile tangu zamani. Baadaye Wabelgiji waliendelea na desturi hiyo. Tena wazee wetu wanakumbuka vema beji ya MPR, chama kilichoanzishwa 1967: mkono ulioshika mwenge. Mtumishi wa serikali aliyefika kazini bila beji hiyo alikuwa na maelezo ya kutoa. Ikawa hivyo hata mwezi wa Aprili 1990, Rais Mobutu alipotangaza mwisho wa chama kimoja. Kwa hiyo mtu wa Ituri akiona kitu kinang'aa kifuani mwa mwenzake, haulizi kwanza kama ni kizuri. Auliza: umekuwa wa nani?

Basi nimeona vema kueleza habari za bizimu lile, maana asili yake ni ya kushangaza. Kazi ile ilikua mpinini mwa upanga kabla ya kufika kifuani mwa mwanamke.

Kwanza tujue ni kitu gani. Chukueni kikombe kile cheupe cha bati chenye ukingo wa buluu, ambacho hakuna nyumba ya wazee isiyokuwa nacho. Kikianguka, weupe wake wabanduka kama ganda la yai, na chini yake chuma chaonekana. Weupe ule si rangi ya kupaka. Ni kioo. Kioo kimesagwa kuwa unga, kikawekwa juu ya chuma, kikatiwa motoni mpaka kikayeyuka na kushikamana. Hiyo ndiyo enameli. Kikombe cha bibi na bizimu la korongo ni ndugu, ingawa mmoja amekaa jikoni na mwingine amekwenda Misani.

Wajapani huiita kazi hii shippo, maana yake hazina saba, kwa sababu vitabu vya dini ya Buddha vyataja hazina saba, kama dhahabu, fedha na mawe ya thamani, na rangi za enameli zilionekana kuzikusanya zote pamoja. Kwa muda mrefu walitengeneza kidogo tu. Fundi mmoja maarufu, Hirata Donin, aliyefariki mwaka 1646, alitia enameli katika mapambo ya panga za wakubwa, na ukoo wake ukaificha siri hiyo kizazi hata kizazi. Twajua mambo ya siri za ukoo: mara nyingi hazina mwalimu wala mwanafunzi, na wenye siri wakipungua, kazi nayo hupungua.

Aliyeivunja siri alikuwa mtu maskini. Kaji Tsunekichi alizaliwa mwaka 1803 katika jimbo la Owari, karibu na mji wa Nagoya, katika nyumba ya askari wa cheo kidogo, naye alitafuta riziki kwa kupaka vyombo dhahabu na fedha. Wakati ule Ujapani ilikuwa imefungwa. Kati ya Wazungu, Waholanzi peke yao waliruhusiwa kufanya biashara, tena Nagasaki tu. Kaji akapata sahani ya enameli iliyoletwa na Waholanzi hao. Mwingine angaliiweka juu ya meza na kuwaonyesha wageni. Yeye aliivunja. Alitaka kuona ndani: madini yako wapi, kioo kiko wapi, na ule mstari mwembamba umeshikwa na nini. Mwaka 1833 akafaulu kutengeneza sahani ndogo yake mwenyewe. Napenda sana habari hii, maana ni wachache kati yetu wanaothubutu kuharibu kitu cha thamani ili wapate kukijua.

Tena Kaji hakuficha. Alifundisha, na wanafunzi wake wakafundisha wengine, hata kijiji cha Toshima na jirani zake wakawa watu wa enameli. Mji wa pale ukaja kuitwa Shippo kwa ajili ya kazi hiyo, na tangu 2010 ni sehemu ya mji wa Ama.

Kazi yenyewe huenda hivi. Fundi hukata kipande cha shaba nyekundu na kukipa umbo. Huchora ndege wake. Kisha huchukua waya bapa wa fedha au wa dhahabu, mwembamba kama unywele, huupinda kwa koleo ndogo kufuata kila mstari wa mchoro, na kuusimamisha juu ya shaba kwa gundi ya mizizi. Sasa ndege amekuwa kama shamba lililogawanywa kwa vijia vingi vyembamba. Katika kila kishamba hutiwa unga wa kioo uliolowanishwa, huku mweupe, huku wa buluu. Hukauka, huingia tanuru lenye joto la digrii 700 hadi 800, nao huyeyuka kwa dakika chache. Kioo kikiyeyuka hunywea, kwa hiyo lazima kujaza tena, kuchoma tena, kujaza na kuchoma mpaka kimefika sawa na waya. Mwisho husuguliwa kwa mawe na makaa mpaka king'ae. Hata mgongoni mwa bizimu hutiwa enameli, mahali pasipoonekana na mtu. Maana kikitiwa upande mmoja tu, shaba ikipoa huvuta na kioo hupasuka.

Mjerumani mmoja mwanakemia, Gottfried Wagener, aliyefika Ujapani mwaka 1868, aliwasaidia mafundi kupata vioo vipya vinavyopenya nuru. Huko Kyoto alifanya kazi na Namikawa Yasuyuki (1845–1927), ambaye weusi wa vyombo vyake ni kama maji ya usiku. Wengi wasema hakuna aliyempita. Huko Tokyo alikuwako Namikawa mwingine, Sosuke, wala hawakuwa ndugu. Huyo aliondoa waya kabla ya kuchoma, ili picha ionekane kama imechorwa kwa brashi.

Niruhusuni hapa nitoke njiani kidogo, kwa sababu Wakristo wa Ujapani nao walijua hatari ya kitu cha kifuani. Mtakatifu Fransisko Ksaveri alifika kwao mwaka 1549, na wamisionari waliomfuata waliwapa waumini misalaba na medali. Dini ilipopigwa marufuku mwaka 1614, vitu hivyo vikawa ushahidi wa kumpeleka mtu kifoni. Wakubwa walichukua sanamu na medali walizonyang'anya, wakazipachika katika mbao, wakawaamuru watu wazikanyage ili wajulikane kuwa si Wakristo. Zilipochakaa kwa nyayo, fundi Hagiwara Yusa wa Nagasaki aliagizwa mwaka 1669 kusubu nyingine 20 za shaba ya njano. Hebu fikirini kazi ya namna hiyo: kuuchonga uso wa Bwana kwa uangalifu wote, ili ukanyagwe. Walakini imani haikufa. Mwaka 1865 Wakristo waliojificha walijitokeza kwa Padri Petitjean huko Nagasaki, na mwaka 1873 mabango ya marufuku yakaondolewa. Mwaka ule ule 1873 vyombo vya enameli vya Kijapani vilionyeshwa Vienna katika maonyesho makubwa ya dunia, na Wazungu wakaanza kuvitamani.

Sasa tufike kwenye panga. Katika Ujapani ya zamani mtu wa ukoo wa askari, yaani samurai, alitembea na panga mbili kiunoni. Chuma kilikuwa kazi ya mhunzi mmoja. Lakini kikingio cha mkono, vipambo vya mpini, na kisu kidogo cha alani vilikuwa kazi ya mafundi wengine, waliotia dhahabu, fedha na enameli katika nafasi ndogo kama sarafu. Maelfu ya nyumba zilikula kwa kazi hiyo. Ndipo, tarehe 28 Machi 1876, serikali mpya ikatoa amri: kuchukua upanga hadharani ni marufuku, isipokuwa kwa askari wa jeshi, polisi, na wakubwa waliovaa mavazi rasmi. Kwa karatasi moja, kazi ya miaka mia nyingi ikakosa mnunuzi.

Samurai wengine waliasi, na mwaka 1877 vita vikali vikapiganwa kusini. Vitabu vingi vyasimulia vita hivyo. Mimi nafikiri zaidi juu ya yule fundi aliyeketi barazani pake na patasi mkononi, ambaye hakupigana na mtu wala hakuulizwa neno. Wengi wa namna yake waliacha kazi na kufukarika. Lakini wengine walitazama mikono yao wakaona kwamba amri imekataza upanga tu, haikukataza kuchonga. Kano Natsuo, bingwa wa mapambo ya panga, alikuwa amekwisha kuitwa kuchora sarafu mpya za nchi, na baadaye akawa mwalimu katika shule ya sanaa ya Tokyo. Nyumba ya Komai huko Kyoto iligeuza ufundi wake wa kupachika dhahabu katika chuma, ikatengeneza masanduku na mapambo ya kuuzia wageni. Wengine wakatengeneza vifungo, bizimu za mikanda, na mabizimu ya kifuani. Hata vipambo vya mipini ya panga vya zamani vilitiwa pini mgongoni, vikauzwa kwa mabibi wa Ulaya. Mwanamke wa Kijapani mwenyewe hakuwa na desturi ya bizimu la kifuani, maana vazi lake hufungwa kwa mshipi mpana. Lakini kishikizo kidogo cha kamba ya mshipi huo kilienea siku zile zile, nacho kilitoka katika mikono ile ile.

Hivi ndivyo korongo alivyohama kutoka kiunoni mwa shujaa akatua kifuani mwa mama. Leo mabizimu na pini za namna hii zatengenezwa pote duniani, nyingi katika viwanda vya China kwa rangi za gundi zisizohitaji moto mkali, na nyingine mezani mwa watu binafsi wanaopenda mawimbi, maua ya mcheri na makorongo ya Kijapani. Lile la mama yetu ni la kioo kweli. Nililigeuza, nikaona enameli mgongoni.

Kwa nini habari hii inanigusa? Kwa sababu sisi pia tumeona silaha zikikusanywa. Vita vya Ituri vya 1999 hadi 2003 viliua makumi ya maelfu. Kisha, tangu Septemba 2004 hadi katikati ya 2005, wapiganaji zaidi ya 15,000 walipitia vituo vya kuweka silaha chini. Vijana wakatoka mikono mitupu. Wengine walipata kazi, wengine wakashuka mashimoni kuchimba dhahabu, wengine wakarudi msituni, na hata baada ya hapo vita havikutuacha. Sisemi kwamba wao ni sawa na mafundi wa Kyoto. Fundi wa Kyoto aliponyang'anywa upanga alibakiwa na ufundi. Kijana wetu aliingia vitani mtoto, na aliponyang'anywa bunduki hakubakiwa na kitu ambacho mtu alikuwa amemfundisha.

Na dhahabu tunayo. Tangu ilipoonekana Kilo mwaka 1903 haijaacha kutoka, nayo hutoka ikiwa unga, huvuka mpaka wa Uganda, huenda mpaka Dubai. Wajapani wana madini yao meusi yaitwayo shakudo, ambayo mabizimu mengi ya kale yalifanywa kwayo: shaba nyekundu iliyochanganywa na dhahabu, mara nyingi sehemu 3 hadi 5 tu katika 100. Thamani iliyobaki yote ni mkono wa mtu.

Juma lililofuata pini ya lile bizimu ililegea, tukalipeleka kwa fundi mmoja sokoni ambaye hutengeneza saa na kuyeyusha dhahabu ya pete. Aliikaza mara moja, lakini hakulirudisha. Aliliinua juani, akauliza rangi imeingiaje bila brashi. Nikamweleza habari ya unga wa kioo na digrii 800. Akacheka. "Dhahabu yataka digrii zaidi ya 1000," akasema, "nami huiyeyusha hapa kila siku kwa makaa na kipulizio." Akainama, akaokota chini ya meza kipande cha chupa ya dawa, cha buluu. Nikamwonya kwamba kioo cha chupa hakitakaa juu ya shaba, kwa kuwa kile cha enameli huchanganywa makusudi kiyeyuke mapema na kunywea pamoja na madini. Cha chupa kitapasuka kikipoa. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kisha akakitia mfukoni.