Mzaliwa wa Unguja katika Odeon ya Lewisham

Usiku wa tarehe 20 Desemba 1979, kundi la Queen lilipiga muziki katika jumba la sinema la Odeon, mtaa wa Lewisham, kusini-mashariki mwa London. Mwimbaji wake, Freddie Mercury, alizaliwa Mji Mkongwe, Unguja, tarehe 5 Septemba 1946, akapewa jina la Farrokh Bulsara. Miaka mitatu kabla ya usiku ule, watu wanaokadiriwa kuzidi 150,000 walifurika bustani ya Hyde Park kumsikiliza bure. Odeon ilikuwa na viti elfu tatu na ushei. Kundi lililokwisha kujaza kumbi kubwa za Marekani na Japani lilifuata nini katika sinema ya mtaani?

Jumba lenyewe lilikuwa na historia yake. Lilifunguliwa Desemba 1932 kwa jina la Gaumont Palace, mchoraji wake akiwa W. E. Trent, msanifu aliyebuni sinema nyingi za kampuni ya Gaumont. Zama hizo tiketi moja ilimpa mtazamaji filamu, kinanda na wachekeshaji au wacheza ngoma wa jukwaani, hivyo majumba ya aina hiyo yalijengwa na jukwaa la kweli nyuma ya pazia la sinema. Televisheni ilipoingia sebuleni mwa watu katika miaka ya 1950, viti vilianza kubaki vitupu. Jukwaa likawa mtaji mpya: wenye sinema walilikodisha kwa wanamuziki, usiku mmoja mmoja.

Ziara za wakati huo zilikuwa za mchanganyiko. Wasanii sita au saba walipakiwa kwenye basi moja, wakazunguka nchi nzima, kila mmoja akiimba nyimbo chache na kumpisha mwenzake. Ndivyo Beatles walivyofika Lewisham tarehe 29 Machi 1963, wiki moja baada ya albamu yao ya kwanza kutoka. Kwenye matangazo ya ziara ile, walioandikwa juu walikuwa Wamarekani wawili, Tommy Roe na Chris Montez. Beatles walirudi katika jumba hilohilo tarehe 8 Desemba mwaka uleule. Safari hii ziara ilikuwa yao, na mayowe ya wasichana yalikuwa yamekwisha kuwa habari ya magazeti nchi nzima.

Miaka ya 1970 ilibadili hesabu. Ziara ya kundi kubwa sasa ilisafiri na malori yake, vipaza sauti vyake, mitambo yake ya taa na kikosi cha mafundi wa kuifunga alasiri na kuifungua usiku wa manane. Gharama hizo zilidai tiketi nyingi, na tiketi nyingi zilidai kumbi za michezo na maonyesho ya biashara. Queen walikuwa mstari wa mbele katika mtindo huo. Mwaka 1977 walipiga Earls Court, na mwaka uliofuata wakapiga Wembley. Shabiki wa kiti cha nyuma alimwona Mercury akiwa mdogo kama kidole.

Ndipo ilipozuka ziara iliyoitwa Crazy Tour. Jina lilitokana na wimbo Crazy Little Thing Called Love, ambao Mercury aliutunga kwa dakika chache akiwa hotelini Munich, ukatoka Oktoba 1979 na kufika nafasi ya pili Uingereza. Wimbo ulikuwa mwepesi, wa mtindo wa Elvis Presley, na ziara nayo ikatafutiwa wepesi wa kufanana, nyingi ya kumbi zake zikiwa ndogo. Ilianza Dublin tarehe 22 Novemba, ikapita Birmingham, Manchester, Glasgow, Newcastle, Liverpool, Bristol na Brighton. Ilipofika London haikusimama mahali pamoja. Ilipiga Lyceum na Rainbow, ikaingia ukumbi wa dansi wa Tiffany's huko Purley, ikaenda Tottenham, kisha Lewisham, halafu Alexandra Palace. Mercury, ambaye kwa miaka mingi alikuwa mtu wa piano na kipaza sauti, sasa alivaa gitaa jukwaani kwa ajili ya wimbo huo.

Alikuwa amefika mbali. Wazazi wake, Bomi na Jer Bulsara, walikuwa Waparsi, na baba alifanya kazi ya ukeshia katika mahakama ya serikali ya kikoloni Zanzibar. Mtoto alipelekwa shule ya bweni Panchgani, India, akarejea Unguja mwaka 1963. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 familia ilihamia Feltham, magharibi mwa London. Katika mahojiano hakupenda kuizungumzia asili yake, na mashabiki wengi hawakuijua. Lewisham haikuwa mahali pasipo uzito kwa mhamiaji: Agosti 1977 chama cha National Front, kilichotaka weusi na Waasia wafukuzwe Uingereza, kiliandamana kutoka New Cross kuelekea katikati ya mtaa huo na kukabiliwa na maelfu ya wapinzani. Miaka miwili na ushei baadaye, vijana wa palepale walilipa tiketi kumwona mtoto wa Kiparsi kutoka Unguja.

Mwaka huohuo wa 1979 Lewisham ilikuwa imetoa ziara nyingine, iliyokwenda kinyume kabisa. Mwimbaji Kate Bush, kabla hajatimiza miaka 19, aliimba na KT Bush Band katika baa ya Rose of Lee, kwenye barabara ya Lee High Road, mwaka 1977. Walipiga nyimbo za wasanii wengine, na pamoja nazo wimbo wake James and the Cold Gun, akiuigiza mbele ya wanywaji. Kuanzia Aprili 1979 aliupeleka wimbo huo Liverpool, London, Stockholm, Copenhagen, Hamburg, Amsterdam na Paris, katika onyesho lenye wacheza ngoma, mwanamazingaombwe na mavazi yaliyobadilishwa wimbo baada ya wimbo. Ili aweze kucheza huku akiimba, mafundi wake walipinda waya wa hanga ya nguo na kumfungia kipaza sauti kichwani. Ziara ilianza kwa msiba: baada ya onyesho la majaribio huko Poole, fundi wa taa Bill Duffield, kijana wa miaka 21, alianguka na baadaye akafariki. Tarehe 12 Mei lilifanyika onyesho la kumkumbuka katika Odeon ya Hammersmith, waimbaji Peter Gabriel na Steve Harley wakishiriki.

Odeon ya Hammersmith na ile ya Lewisham zilikuwa ndugu: zote zilifunguliwa mwaka 1932 kwa jina la Gaumont Palace, zote zikabadilishwa jina mwaka 1962. Ya Lewisham ilifungwa mwaka 1981 na kubomolewa mwaka 1991. Mwaka ilipofungwa, mwezi Machi, Queen walikuwa Brazil, katika uwanja wa Morumbi, São Paulo, ambako umati wa usiku mmoja ulitajwa kuwa watu 131,000. Odeon ya Hammersmith ilinusurika, na mwaka 2014 Kate Bush, ambaye hakuwa amefanya ziara tangu 1979, alipiga humo usiku 22. Hakwenda mji mwingine wowote. Mashabiki ndio waliosafiri, wengine kutoka nje ya Uingereza, na tiketi ziliisha katika muda usiofika robo saa.